Wekeni Tu Kwenye Friza

Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu amekuwa akitenganisha vitu visivyotaka kutenganishwa: damu na majimaji yake, mkojo na mashapo yake, na katika miaka hii mitatu ya karibuni, maji ya chupa ya uzazi na vijifuko vilivyomo ndani yake. Hospitali nzima inamwita Mama Barafu. Wapo wanaodhani jina limetokana na moyo wake, hasa wale waliowahi kufungua friza yake bila kubisha hodi. Ukweli ni kwamba kila asubuhi, saa moja na nusu, huonekana akivuka uwanja kutoka maabara kwenda vyumba vya upasuaji, amekumbatia kisanduku cha barafu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie: kwa uangalifu mkubwa, na bila furaha ya kupita kiasi.

Ana miaka hamsini na saba. Amebakiza mitatu astaafu, ila goti lake la kushoto limeshatangulia.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu cha ghorofa ya chini, chenye dirisha moja linalotazama tangi la maji na sinki mbili, moja ikiwa ya kutazama tu. Friza imesimama pembeni ikinguruma mchana kutwa kwa nyuzi themanini chini ya sifuri. Karibu nayo ipo sentrifuji kubwa ya kuzungushia mirija, pana kama mashine ya kufulia na yenye madaha zaidi. Ukiipa mirija isiyolingana uzito, hata kwa kiasi cha tone, inatetemeka, inalia, halafu inazima na kudai fundi kutoka mbali. Mama Barafu huiongelesha. Hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu, kwani hospitalini kila mtu ana mashine anayoiongelesha.

Kuhusu vijifuko: mtoto akiwa tumboni huogelea kwenye maji, na seli zake, na za kondo la nyuma, na za ile chupa yenyewe, hutoa vifuko vidogo mno vinavyoelea humo. Ukivipanga elfu moja kwa mstari, ndiyo kwanza unapata unene wa karatasi. Zamani wataalamu walisema ni takataka za seli. Siku hizi wanasema ni barua ambazo seli huandikiana. Mama Barafu, aliyesafisha vingi kuliko wote waliosema, haoni ubishi uko wapi. Nyingi ya barua anazopokea yeye kutoka utawala ni vyote viwili.

Kuvipata ni kazi ya kuchosha na isiyo na cha kuonyesha. Kwanza unazungusha maji polepole kwa dakika kumi ili seli nzima zizame, unazitupa. Unazungusha tena kwa nguvu zaidi ili vipande vizame, unavitupa. Mwisho unaingiza kwenye ile mashine yenye madaha, saa moja na nusu, na kinachobaki chini ya mrija hakionekani kwa macho. Unatakiwa uamini kipo. Aliwahi kumweleza mdogo wake wa kiume kwamba kazi yake ni kulinda kitu asichokiona. Mdogo wake ni mlinzi wa ghala.

"Dada, hata mimi," alimjibu. "Lile ghala sijawahi kufunguliwa nione ndani. Ila nikisinzia tu, naambiwa vimeibiwa."

Vikishapatikana, unapaswa kuthibitisha kwamba ni vyenyewe. Ipo mashine inayomulika tone la maji kwa mwanga mkali na kuhesabu vidoa vyeupe vinavyocheza kwenye skrini. Kwa kuwa kazi yake ni kutazama majini na kutaja tarakimu, inaitwa Mpiga Ramli. Kisha kuna picha ya protini, zinazojitokeza kama mistari myeusi. Protini tatu lazima ziwepo, maana ndizo kitambulisho cha vijifuko. Ya nne haitakiwi kabisa. Makazi yake ni ndani ya seli, na ikionekana maana yake seli zimepasuka na matumbo yake yamemwagika kwenye mzigo. Hiyo ya nne Mama Barafu anaiita Shemeji, kwa sababu ukiikuta ndani saa usiyoitarajia, kuna mtu ana maelezo ya kutoa.

Utafiti ulikuwa wa Daktari. Madaktari ni wengi pale, ila ukisema Daktari pale maabara ni huyu mmoja: mwanamama wa miaka thelathini na minne, bingwa wa uzazi, anayesomea shahada ya uzamivu huku akizalisha watu, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila ameketi. Aliuliza swali moja tu. Je, maji ya mama anayejifungua kabla ya wakati yana vijifuko vingi kuliko ya mama aliyetimiza miezi? Kama ndivyo, huenda siku moja ingewezekana kujua mapema nani yuko hatarini. Akawaomba akina mama sitini: thelathini wa upasuaji uliopangwa, waliotimiza miezi, na thelathini walioingizwa kwa dharura, mimba zikiwa za miezi saba au nane. Kila mmoja alisaini. Kila mmoja alitoa vijiko viwili vitatu vya maji wakati tumbo limefunguliwa.

Jibu lilipotoka, lilikuwa mara tatu. Si asilimia kadhaa za kubishania. Mara tatu nzima. Wa kabla ya wakati walikuwa na vijifuko mara tatu ya wenzao. Daktari alimkumbatia Mama Barafu mpaka miwani ikapinda. Profesa, msimamizi wake, alishuka hadi maabara kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, akapeana mikono na kila mtu, akauliza choo kiko wapi. Na kwenye makala iliyoandikwa, jina la Mama Barafu likawekwa la tatu kati ya saba. La mwisho ni la Profesa, maana huko wa mwisho ndiye mkubwa, kama ilivyo kwenye mikutano. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuona jina lake likichapwa popote isipokuwa kwenye orodha ya zamu.

Makala ilitakiwa itumwe Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo, Daktari aliomba picha ya protini iliyo safi zaidi, na Mama Barafu akaiandaa, kila mama na njia yake ya mistari: njia nane za waliotimiza miezi, njia nane za waliowahi. Wakaitazama pamoja kwenye kompyuta.

"Safi sana hii," alisema Daktari. "Tatu zetu zimesimama kama askari."

"Na Shemeji?"

Daktari alisogeza uso. Kwenye njia za waliotimiza miezi hapakuwa na kitu. Kwa waliowahi palikuwa na mstari hafifu, wa kijivu, kama alama ya glasi juu ya meza.

"Ni kivuli tu, Mama. Nitapunguza mwanga wa picha."

"Sawa, Daktari."

Ilikuwa ile sawa ya mtu anayetaka kukaa. Lakini Daktari alipoondoka, Mama Barafu hakukaa. Aliitazama picha tena. Kivuli hakichagui. Kingekuwa kivuli kingezipaka njia zote nane, na hapa kilikuwa kwenye sita. Mbili zilikuwa safi kama za wenzao waliotimiza miezi. Akachukua daftari la mapokezi akatafuta zile namba mbili. Namba kumi na saba: Jumanne, saa nne asubuhi. Namba ishirini na tatu: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kisha akatafuta zile sita. Ijumaa jioni. Jumapili. Sikukuu. Jumamosi. Jumapili tena. Ijumaa. Na pembeni ya kila moja, kwa mwandiko wake mwenyewe wa kulala kulia, maneno matatu: Imekutwa kwenye friza.

Hapo ndipo alipokaa.

Miaka miwili na nusu nyuma, mama yake mzazi alipigwa na kiharusi upande wa kulia. Tangu siku ile nyumba ikaendeshwa kwa zamu, kama wodi. Mdogo wake alikaa na mama mchana. Saa kumi na nusu jioni alitoka kwenda kwenye ghala lake, na saa hiyo hiyo Mama Barafu ilibidi awe ameingia. Ijumaa moja alikuwa ameshafika getini mwa hospitali akitoka, mfuko wa nepi za wazee mkononi, simu ikalia. Alikuwa mkuu wa wakunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya uwanja wa gwaride, ambaye hata mume wake anamwita Kamanda.

"Mama Barafu! Kuna mtu huku, miezi saba, anaingia kisuni sasa hivi. Njoo uchukue maji yako."

"Wekeni tu kwenye friza. Nitazungusha Jumatatu."

Ilikuwa mara moja. Ikawa mara mbili. Kisha ikawa utaratibu, na utaratibu ukishadumu miezi mitatu hospitalini, hata aliyeuanzisha huufuata akidhani ulitoka wizarani. Kila maji yaliyotolewa nje ya saa za kazi yaliwekwa kwenye friza ya wodi jinsi yalivyo, na seli zake zote. Jumatatu aliyayeyusha, akayazungusha, akaandika. Hayakuwa na tofauti machoni.

Kanuni aliijua. Zungusha kwanza, ndipo ugandishe. Seli ikiganda hupasuka kama soda iliyosahaulika kwenye barafu, na vipande vyake vikikutwa na Mpiga Ramli vinahesabiwa kama vijifuko, kwani Mpiga Ramli haulizi mtu katokea wapi. Aliijua jinsi dereva anavyoijua alama ya barabarani ya mtaa anaokaa. Haioni tena.

Na waliotimiza miezi, wa upasuaji uliopangwa, wote walikuja asubuhi, na maji yao aliyazungusha mwenyewe ndani ya saa moja. Kwa hiyo ile mara tatu yote, huenda haikuwa tofauti ya mimba na mimba. Ilikuwa tofauti ya Jumatano na Jumapili.

*

Jioni hiyo mama yake alimtazama akikoroga uji muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji. Zamani mama huyo alikuwa fundi cherehani, wa magauni ya harusi. Kiharusi kilimchukua mkono na nusu ya maneno, kikamwachia yale makali.

"Umeharibu nini?" aliuliza.

"Nani kasema nimeharibu?"

"Mgongo wako."

Mama Barafu aliketi ukingoni mwa kitanda, akamlisha vijiko viwili kabla hajajibu.

"Mama, wewe ulipokuwa ukikata kitambaa cha mtu vibaya, kile cha bei mbaya, ulikuwa unafanyaje?"

"Naweka lesi."

"Lesi?"

"Pale nilipokosea. Naweka lesi juu."

"Na mteja?"

"Anafurahi. Kaongezewa lesi."

Mama alicheka kwa upande mmoja wa uso mpaka uji ukamtoka. Mama Barafu alimfuta kidevu. Alikuwa ametegemea kitu kingine, kitu cha kumpa nguvu, akapewa lesi. Alilala akiiwazia. Kupunguza mwanga wa picha ni lesi nzuri tu. Hakuna ambaye angejua. Wasomaji wa makala wako mbali, na friza ya wodi haisemi. Ila mtu mwingine angesoma, angeamini, angeanza kuwapima akina mama wengine kwa kipimo kilichozaliwa kwenye mfuko wa nepi.

*

Ili asimchafue mtu kwa dhana, Jumatano aliomba maji ya ziada kwa mama mmoja wa upasuaji uliopangwa, kwa ajili ya kujaribia mashine, na mama yule akakubali bila kuuliza. Kamanda alimkuta mlangoni akiyagawa kwenye mirija minne.

"Minne? Leo kuna mapacha?"

"Miwili nazungusha sasa kisha nigandishe. Miwili nagandisha hivi hivi, kama mnavyoniwekea nyie."

Kamanda hakuwa mjinga. Alikuwa amezalisha watu miaka ishirini na sita, na kazi hiyo humfundisha mtu kujua kinachokuja kabla hakijatokeza. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Sikiliza, bibiye. Usije ukaniletea kesi kwa wakunga wangu. Aliyesema wekeni tu ni wewe. Nilikusikia kwa sikio hili, na lile lingine nalo lilikuwepo."

"Najua."

"Nilitaka tu nihakikishe unajua."

"Najua, Kamanda. Sijasahau hata nilikuwa nimesimama wapi."

Kamanda alimtazama, akashusha mabega kidogo. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ananitukana vizuri tu."

"Basi ni mzima," alisema Kamanda, akarudi ndani kumfokea mtu.

Alhamisi mchana mirija yote minne ilikuwa imeyeyushwa, imezungushwa, imesafishwa. Akaipeleka kwa Mpiga Ramli. Vidoa vikacheza kwenye skrini, vyeupe, vingi, vikipishana kama watu wa sokoni walioonekana kutoka juu. Iliyozungushwa kwanza: bilioni mbili na kitu kwa kila mililita. Iliyogandishwa kwanza: bilioni saba. Mama mmoja, tumbo moja, maji yale yale. Alipima mara ya pili. Alipima ya tatu, kwa kuwa kanuni inataka tatu, na pia kwa kuwa kila kipimo kilimpa dakika tano zaidi za kuwa mtu ambaye bado hajasema.

Akapima na Shemeji. Alikuwepo, ameketi wazi kabisa, kwenye ile miwili iliyogandishwa kwanza.

*

Ofisi ya Daktari ilikuwa stoo ya mashuka kabla haijawa ofisi, na bado ina harufu ya sabuni. Alimkuta amesimama mbele ya kompyuta, andazi mkononi.

"Mama! Nilitaka nikufuate. Kila mwandishi anatakiwa athibitishe kwamba amesoma na amekubali. Umebaki wewe tu. Hata Profesa amebonyeza, na sidhani kama alisoma. Bonyeza hapo, kwenye jina lako, niitume leo leo."

Jina lake lilikuwa pale, la tatu, majina yote matatu kamili kama kwenye cheti. Pembeni palikuwa na kiboksi kitupu. Aliliangalia jina lile kwa muda, kama mtu anayemwangalia ndugu aliyevaa vizuri siku moja tu.

"Sibonyezi, Daktari."

"Kuna kosa kwenye jina?"

"Jina ni sahihi. Kosa liko kwenye mara tatu."

Akaweka mbele yake karatasi ya hesabu, picha ya Shemeji na daftari lililofunguliwa, akaeleza kama anavyoeleza mambo yote, kwa mpangilio na bila kupandisha sauti: mirija minne, bilioni mbili, bilioni saba. Daktari alisikiliza akiwa na lile andazi. Maelezo yalipofika katikati aliliweka juu ya daftari, akaliondoa, akaliweka tena.

"Wangapi?" aliuliza mwishowe. "Katika wale thelathini."

"Ishirini na nne waliwekwa kwenye friza kabla ya kuzungushwa. Sita walikuja saa za kazi."

"Na hao sita? Peke yao?"

"Sawasawa na waliotimiza miezi. Hakuna tofauti."

Kwa nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu moja bovu. Walisikiliza mpaka kikapotea.

"Nani aliwaambia wakunga wasizungushe?"

Hapa palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema wakunga. Hata isingekuwa uongo wote. Mikono iliyoweka mirija ile frizani ilikuwa ya wakunga. Kamanda angepiga kelele wiki nzima, na Kamanda hupiga kelele kila wiki, kwa hiyo hakuna ambaye angesikia.

"Mimi," alisema. "Niliwaambia wekeni tu kwenye friza. Ilikuwa Ijumaa. Baadaye sikuwaambia vinginevyo."

Hakutaja kiharusi. Si kwa ushujaa. Aliona tu kwamba akikitaja, Daktari atalazimika kumpa pole, na chumba kile hakikuwa na nafasi ya kuiweka.

Daktari alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Barafu kumwona amekaa, na akaona jinsi alivyokuwa mdogo.

"Unajua niliwaomba wakiwa na uchungu?" alisema Daktari polepole. "Mtu anajikunja pale, anaogopa mtoto atakufa, mimi namwekea fomu mbele. Nikawaambia maji yako yatasaidia wengine. Wawili, watoto wao hawakuishi, Mama. Walisaini hivyo hivyo."

"Najua. Namba tisa na namba ishirini na nane."

"Unakumbuka namba?"

"Naandika mimi."

Daktari alinyoosha mkono akazima skrini. Hakufunga makala, hakuifuta. Alizima kioo tu, kama mtu anayezima taa chumbani ambamo kuna mgonjwa.

"Nenda nyumbani, Mama. Saa yako imefika."

Ilikuwa saa tisa na robo. Saa yake haikuwa imefika. Alikwenda.

*

Siku nane Daktari hakuzungumza naye ila kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye friza, vyenye heshima zote na bila salamu. Profesa aliitisha kikao, akasema neno changamoto mara saba na neno fursa mara tatu, kisha akashauri makala itumwe ilivyo, ila iongezwe sentensi moja mwishoni, pale panapowekwa mapungufu, ambapo hakuna anayesoma. Kwa lugha ya kitaalamu, alikuwa anashauri lesi. Mama Barafu aliketi nyuma karibu na mlango, mikono mapajani. Alisubiri kufukuzwa, na kwa jinsi alivyochoka, sehemu yake moja iliona kufukuzwa kuna kitanda ndani yake.

"Haitumwi," alisema Daktari. Ndicho kitu pekee alichosema kikao kizima. Profesa alitazama saa.

Jina la Mama Barafu, basi, halikuchapwa. Mdogo wake, alipoambiwa, alikuna kichwa.

"Kwa hiyo, Dada, umelinda ghala miaka mitatu, ukafungua, ukakuta halina kitu, halafu ukaenda mwenyewe kuripoti?"

"Ndiyo."

"Mimi wangenifukuza."

"Mimi wameniachia. Hakuna mwingine anayejua kuiongelesha ile mashine."

Siku ya tisa Daktari alikuja maabara bila kikaratasi. Alisimama karibu na sinki ile ya kutazama tu, akalifungua bomba lake kwa mazoea, halikutoa kitu, akalifunga.

"Ule mzunguko wa kwanza. Wa kutoa seli. Ni dakika ngapi?"

"Kumi."

"Unahitaji mtaalamu?"

"Unahitaji mtu anayeweza kusoma saa."

"Mkunga anaweza?"

"Kamanda anaweza kuzungusha hata jengo."

Daktari hakucheka, lakini kitu kilisogea usoni. "Ipo sentrifuji ndogo kule wodi ya watoto, haina kazi. Nimeiomba. Tunaanza upya, Mama. Kuanzia namba moja. Sitini. Nitakuwa na miaka thelathini na saba tukimaliza."

"Mimi nitakuwa nimestaafu."

"Basi tufanye haraka," alisema Daktari, ingawa hakuna kitu katika kazi ile kilichowahi kufanywa haraka na kikabaki kweli.

Mafunzo ya wakunga yalichukua alasiri mbili. Walikuwa kumi na mmoja, wamesimama kuizunguka mashine ndogo kama watu kwenye ajali. Mama Barafu aliwaonyesha wapi pa kuweka mrija, wapi pa kuweka mwenzake wa kusawazisha, kitufe gani kisiguswe. Kamanda aliuliza maswali yote kwa sauti ya kukanusha.

"Na mtu akiwa na wazazi wawili wanaosukuma kwa pamoja, na mmoja anatoka damu, azungushe maji yako?"

"Hapana. Amhudumie mama. Maji ayaache."

"Aweke kwenye friza?"

Wote kumi na mmoja walimtazama. Alikuwa amesimama tangu saa moja na nusu, goti likiwaka.

"Amwage," alisema Mama Barafu. "Aandike yamemwagwa. Kwenye friza asiweke."

Namba moja wa daftari jipya alipatikana Jumanne iliyofuata: msichana wa miaka ishirini na mbili, mimba ya wiki thelathini na mbili, amelazwa kusubiri upasuaji wa alasiri. Daktari alikuwa ndani ya upasuaji mwingine, hivyo fomu ikapelekwa na Mama Barafu, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kiti chake kikiwa kimesogezwa karibu na kitanda kwa sababu kusimama kulikuwa kumemshinda. Msichana alisikiliza, mkono mmoja tumboni.

"Sasa haya maji yangu mtayafanyia nini?"

Kwenye fomu palikuwa na sentensi kuhusu manufaa ya siku zijazo kwa akina mama. Mama Barafu alishaisoma mara sitini, kila fomu ilipomfikia maabara. Aliipita.

"Tutayazungusha, mwanangu. Halafu tutaangalia kama tumeyazungusha vizuri."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Kwa mwaka huu, ndiyo hivyo tu."

Msichana alifikiri kidogo, akaona hapakuwa na kitu cha kuogopa katika hilo, wala cha kufurahia. Akasaini, akauliza kama kalamu ni ya kurudisha.